Fremu, grosari na sendofu: Kiingereza kilivyopata uraia Moshi

Mgeni anayeingia Shirimatunda kwa mara ya kwanza hahitaji kumuuliza mtu mambo ya uchumi wa kata hii. Asome kuta. Kwenye jengo refu la matofali lenye milango ya chuma iliyopangwa mmoja baada ya mwingine, mtu ameandika kwa rangi nyekundu: FREMU ZINAPANGISHWA, na namba ya simu chini yake. Mbele kidogo, kwenye nguzo ya umeme, kimebandikwa kikaratasi: chumba masta, sebule, jiko, maji ndani, luku yako. Ng'ambo ya barabara viti vya plastiki vimepangwa chini ya turubai na bango linasema Grosari.

Yote hayo yanasomeka bila shida kwa mtu wa Moshi, na karibu yote yanampotosha Mwingereza.

Kwa Mwingereza, "frame" ni kitu cha mbao au chuma kinachozunguka picha, dirisha au mlango. Kwetu fremu ni chumba kimoja kinachotazama barabara, kilichojengwa kwa ajili ya biashara: saluni, duka la dawa, wakala wa fedha za simu, fundi cherehani. Huenda maana ilianzia kwenye fremu ya mlango, mlango ukawakilisha chumba, na chumba kikawakilisha biashara. Vyovyote ilivyokuwa, leo mstaafu akipokea mafao yake na kusema atajenga fremu tatu, hakuna anayedhani anakwenda kutundika picha. Fremu ni pensheni yake ya pili, na ikikaa tupu miezi mitatu ndiyo inayomkosesha usingizi.

Grosari ndiyo yenye vituko zaidi. Neno lenyewe, kule lilikotoka, ni duka la unga, sukari, sabuni na majani ya chai. Mama wa Kiingereza humtuma mtoto huko bila wasiwasi. Hapa kwetu, mtoto akionekana grosari saa moja jioni, jirani atampigia mzazi simu. Grosari yetu inauza bia, na ni ndogo kuliko baa, haina muziki mkubwa, haina jukwaa, ina meza chache na wateja wanaojuana. Sukari na sabuni utavipata dukani kwa Mangi. Na hapo pia pana jambo: jina la heshima la watawala wa Kichaga limesambaa nchi nzima likawa jina la kila muuza duka, awe Mchaga au asiwe. Maneno ya Kiafrika nayo yanajua kubadilisha kazi.

Masta tumeikata kutoka kwenye "master bedroom", chumba kikubwa cha wenye nyumba. Tumetupa ukubwa, tumetupa na wenye nyumba, tukabaki na bafu. Chumba masta ni chumba chenye choo na bafu ndani, hata kama kitanda kikiingia mlango haufunguki vizuri. Kijana aliyehitimu juzi na asiye bwana wa mtu yeyote anaweza kukaa masta. Wengine huita selfu, kutoka kwenye "self-contained". Asiye na uwezo huo huchukua singo na kupanga zamu ya bafu na wapangaji wenzake.

Luku, kwa wale wanaodhani nayo ni ya Kiingereza kwa sababu inasikika kama mtu anayeambiwa atazame, ni Kiswahili kitupu: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Nimewahi kusikia mabishano makali juu yake, na aliyeshindwa alikuwa ndiye mwenye digrii.

Ninayataja haya kwa sababu mazungumzo yetu juu ya Kiingereza yamezoea njia mbili tu. Wapo wanaolalamika kwamba kinaharibu Kiswahili, na wapo wanaolalamika kwamba watoto wetu hawakijui. Pande zote mbili hupita kwenye fremu na grosari bila kugeuza shingo. Ukweli ninaouona mimi ni mwingine. Neno likishaingia Moshi hupewa kazi yetu na huacha kuwa la Kiingereza. Kuingia kwake hakumdhuru mtu. Taabu huanza siku tunapolichukua tena na kumrudishia Mwingereza, tukidhani bado ni mali yake.

Panda daladala uone. Daladala yenyewe, inasemwa, ilitokana na dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli, nalo limetokana na dola. Jirani zetu wa Arusha waliwahi kuwa na vifodi, magari madogo ya abiria yaliyopata jina kutoka Ford. Tazama lilivyoundwa: Ford imepewa ki-, ikawa kifodi kimoja, vifodi viwili. Kiwanda cha Marekani kimeingizwa kwenye ngeli ya kiti na kijiko.

Ngeli hiyo ina njaa. Waingereza walipojenga mizunguko ya barabara waliweka kibao kinachomwamuru dereva apite kushoto: "Keep Left". Madereva wetu waliona kibao kimesimama kwenye mzunguko, wakaamini ndilo jina lake, na kwa kuwa lilianza na sauti ya ki-, walijua wingi wake bila kufundishwa. Kipilefti, vipilefti. Mjini Moshi ukimwelekeza mtu kupita kipilefti cha YMCA au cha mnara wa saa, umempa maelekezo kamili, na umetumia amri ya trafiki ya kikoloni kama nomino. Mwingereza mwenyewe huita mahali hapo "roundabout" na hataelewa unasema nini, ingawa kila silabi umeichukua kwake.

Madigadi ni ndugu yake. Bati linalozuia tope kwenye gurudumu, kwa Kiingereza "mudguard", ni moja tu. Sikio la Kiswahili likasikia ma- mwanzoni na kuamua kwamba hayo ni mengi. Basi likitengwa moja likaitwa digadi. Kilabu nayo ilitokea hivyo hivyo kutoka "club", ikawa na vilabu vyake, na huku mlimani maana yake ya kwanza ni mahali panapouzwa mbege. Cha kupendeza ni kwamba wapenzi wa soka walikwenda kulikopa upya neno lile lile wakaliacha na sura ya kizungu: klabu. Ndiyo maana mzee anaweza kuwa mwanachama wa klabu na mteja wa kilabu, na mkewe akapokea habari moja kwa furaha na nyingine kwa kununa.

Ndani ya gari, konda hupokea nauli. Jina lake limekatwa kutoka "conductor", na Mwingereza akilisikia kamili huenda akafikiria kwanza yule anayeongoza okestra. Dereva akichoka au akiitwa na mambo yake, usukani hushikwa na deiwaka, mtu asiye na ajira kwenye gari hilo anayeishi kwa kubahatisha zamu za wenzake. Asili yake ni "day worker", kibarua wa siku. Kwenye malori ya zamani alikuwepo taniboi, "turn boy", aliyezungusha hendeli kuwasha injini na kukimbia na kigingi gari likisimama mlimani. Hendeli zilikwisha, taniboi hakwisha. Jina likabaki kwa msaidizi wa lori, ambaye wengine humwita utingo.

Kuna pia levo siti. Maana yake abiria wote wamekaa, hakuna aliyesimama. Ukimtajia Mwingereza maneno "level seat" atakwambia ni kiti kisichoinama. Mwaka 2020, korona ilipoingia, msemo huu wa makonda ulipanda cheo ukaingia katika maagizo ya viongozi, na nchi nzima ikaambiwa isafiri levo siti. Siku hiyo lugha ya stendi ilipewa nguvu ya sheria, na sikumsikia mtu akidai tafsiri.

Halafu kuna trafiki. Neno hili kwa Kiingereza ni wingi wa magari barabarani. Kwa Kiswahili cha Tanzania ni mtu: askari mwenye sare nyeupe. Trafiki amesimama, trafiki amepiga mkono, trafiki ana mtoto anayesoma na wangu. Msongamano wenyewe tunauita foleni, na foleni, wanavyoeleza wanaofuatilia asili za maneno, ni amri ya kijeshi: "fall in", ingieni kwenye mstari. Kwa hiyo amri ya sajini imekuwa msongamano wa magari, na msongamano wa magari umekuwa askari. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa ofisini angeweza kuyapanga haya.

Jeshi ndilo mlango mkubwa ambao Kiingereza cha awali kilipitia. Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902, wenyeji wakakiita Keya kwa herufi zake, na watu waliopita humo walirudi vijijini na msamiati wa kambi. Korokoroni, mahali pa kumfungia mkosaji, imetoka kwenye "quarter guard", walinzi wa kambi. Babu aliyesema mtoto mtundu atapelekwa korokoroni hakujua wala hakuhitaji kujua Kiingereza.

Moshi kwa kweli ilianza na Kiingereza mapema, kikaondoka, kikarudi. Wamisionari wa shirika la CMS kutoka Uingereza walifika kwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwandika Mandara, mwaka 1885. Mwaka 1892 walikwisha kuondoka, na mwaka uliofuata Walutheri wa Leipzig wakachukua nafasi. Kijerumani hakikupata muda mrefu, lakini kilijua kuchagua: kilituachia shule na hela, vitu viwili ambavyo mpaka leo Mchaga hasikii uchovu kuvizungumzia. Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliingia Moshi, na kuanzia hapo bili, risiti, ripoti, kesi, stesheni na wodi zikaanza kupangwa foleni.

Neno moja la zama hizo limebeba uchungu. Mashamba makubwa ya mkonge na mazao mengine ya walowezi na makampuni yalitafuta vibarua wa mkataba kutoka mikoa ya mbali. Waliandikishwa, wakapewa namba, wakasafirishwa. Wakaitwa manamba. Mwingereza alikuwa na "number" tu, tarakimu. Kiswahili kikaongeza ma- na kikamwonyesha mtu mwenyewe aliyegeuzwa tarakimu. Neno hilo la silabi tatu linasema juu ya mashamba yale jambo ambalo daftari za wenye mashamba hazikusema.

Tukitoka huko, twende kwenye furaha, maana Desemba Moshi hujaa. Wachaga wa Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na kwingineko hupanda kula Krismasi nyumbani, na kwa kuwa ukoo wote uko mahali pamoja, ndoa hufuatana. Hapo ndipo sendofu inapotawala.

"Send-off" kwa Mwingereza ni kuagana na mtu yeyote anayeondoka: mfanyakazi anayestaafu, askari anayekwenda vitani, hata marehemu. Ukiongeza kiambishi kidogo, "sending-off" ni mchezaji kuonyeshwa kadi nyekundu. Kwa Mtanzania sendofu ni kitu kimoja na hakina mbadala: sherehe ya upande wa binti kumuaga mtoto wao kabla ya harusi. Haina mwenzake Uingereza. Harusi yenyewe kwa desturi ni shughuli ya upande wa mwanamume, hivyo wazazi wa binti wamejijengea jukwaa lao, na wakakipa jina la kigeni kitu ambacho wageni hawanacho.

Sendofu ina kamati, na kamati ina mwenyekiti, mweka hazina na vikao vya kila Jumapili. Ina kadi ya mchango, nayo ina daraja: singo na dabo. Mtu mmoja aingie kwa singo, mume na mke kwa dabo, na aliyechangia nusu atapigiwa simu kwa upole wa kutisha. Tumeona kwamba singo ni chumba cha kupanga; sasa ni tiketi ya kula ukumbini. Neno ni lile lile na hakuna anayechanganyikiwa. Sendofu ina emsii pia, ambaye jina lake ni herufi mbili za Kiingereza na kazi yake ni kuzungumza Kiswahili saa tano mfululizo. Kabla ya sendofu huwapo kicheni pati, ambako wanawake humletea binti sufuria na vyombo, na mama wakubwa na mashangazi humpa maneno ambayo hayaandikwi gazetini. Jikoni hakuna anayeingia, hufanyika ukumbini.

Bestimani anastahili aya yake. Kwa Waingereza huyu ni rafiki wa bwana harusi, mara nyingi kapera mwenzake, anayetunza pete na kutoa hotuba ya kumchekesha na kumwaibisha rafiki yake. Kwetu, hasa makanisani, bestimani huwa mtu aliyekwisha kuoa, anayesimama pamoja na mkewe, na wote wawili wanatazamiwa kubaki walezi wa ndoa ile. Wanandoa wakigombana mwaka wa tatu, bestimani na mkewe, anayeitwa matroni, ndio wanaokalishwa kwanza. Kwa Mwingereza cheo hicho huisha usiku ule ule bendi inapofunga vyombo. Kwa maoni yangu cha kwetu kina maana zaidi, na kama tungekuwa tunalipisha Kiingereza ada ya marekebisho, hapa tungepata fedha nzuri.

Kisha huletwa ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa, akisimama na majani mdomoni, akisindikizwa kwa ngoma na shangwe. Watu wa kabila nyingine humwita keki ya Kichaga, na kweli hukatwa na kulishwa wakwe kwa utaratibu wa keki. Ndafu haikuhitaji jina la kukopa. Kiti cha enzi kina mwenyewe.

Mji nao umejaa majina yaliyogeuka. Mtaa wa wenye nazo mjini Moshi, wenye nyumba zenye bustani pana na barabara zilizofunikwa na mijakaranda inayomwaga maua ya zambarau, unaitwa Shanty Town. Kila kamusi ya Kiingereza itakwambia "shanty town" ni kitongoji cha mabanda ya mabati na maboksi wanakoishi maskini. Watalii hucheka wanapoona kibao. Mtu wa Moshi hacheki. Kusema "anakaa Shanty" ni kusema mambo yake yamenyooka. Upande huu wa Shirimatunda tuna Soweto, jina lililotoka Afrika Kusini, nalo si neno la lugha yoyote ya huko bali ni silabi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, South Western Townships, lililowekwa rasmi mwaka 1963 kwa makazi ya Waafrika nje ya Johannesburg. Ulimwengu ulilijua kwa damu ya wanafunzi Juni 1976. Kwetu ni kituo cha kushuka. Na Memorial, neno la kukumbuka wafu, ukilitamka mjini Moshi kinachomjia mtu akilini ni soko la mitumba, jeans na viatu vya mtoto. Bodaboda ilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa baiskeli zilizovusha watu kutoka "border" moja hadi nyingine. Za hapa hukuvusha kutoka Karanga hadi sokoni. Ukitaka kulipa neno haki yake panda moja mpaka Holili, mpakani.

Shuleni mambo huwa magumu. Tangu Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Mtoto huvuka daraja hilo akiwa na miaka kumi na minne hivi, kati ya mtihani wa darasa la saba na kidato cha kwanza. Wajanja wamejenga biashara kwenye daraja: prifomuwani, masomo ya miezi michache ya kumzoesha mtoto Kiingereza cha sekondari. Neno limetengenezwa kwa viungo vya Kiingereza, "pre", "form" na "one", na hakuna Mwingereza aliyewahi kuwa na haja nalo. Wenye uwezo hupeleka watoto midiamu, yaani shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza. "Medium" ni njia tu, chombo cha kupitishia kitu. Hapa imekuwa tabaka. Nyingi ya shule hizo zina majina ya watakatifu, kwa hiyo waliobaki kwenye shule za serikali nao wakajitawaza kwa mzaha: wanasoma Saint Kayumba. Mwenye wivu na ajifunze kucheka kama hao.

Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari na vyuo. Serikali haikutekeleza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakiwezi Kiingereza wanachofundishiwa. Mabishano hayo yangali hai na sina nafasi ya kuyamaliza hapa. Nataka tu kusema kwamba mwanafunzi anayeambiwa hajui Kiingereza hutoka nyumbani akiwa na maneno ya Kiingereza mamia. Anajua fremu, tuisheni, pepa, lifti, foleni. Taabu yake ni kwamba mwalimu hajawahi kumwambia yale mamia yamebadilika njiani. Akiandika kwenye insha kwamba baba yake alikutana na "a traffic" aliyemwomba leseni, hupigwa mstari mwekundu bila maelezo. Akiandika kwamba mjomba wake anakunywa bia "at the grocery", mwalimu Mwingereza angemwonea huruma mjomba. Hata tuisheni yenyewe ina mtego: Marekani "tuition" ni ada ya chuo, na si masomo ya jioni kwa mwalimu wa hesabu.

Vyuoni, na Moshi inavyo, kuanzia Chuo Kikuu cha Ushirika hadi cha tiba pale hospitali ya KCMC, lugha imekwenda mbali zaidi. Mwenye sapu anarudia mtihani. Bumu likitoka, fedha za mkopo zimeingia. Na aliyedisko hakwenda kucheza muziki. Ameondolewa chuoni kwa kufeli, kutoka "discontinued". Mama wa Rombo akipigiwa simu kwamba mwanawe amedisko anaweza kumshukuru Mungu kwamba kijana ana afya njema.

Tazama vitenzi hivi: kudisko, kubipu, kuripoti. Havikupewa a ya mwisho kama kusoma na kulima, vinabaki na irabu zao, lakini vimekubali kila kiambishi kingine. Nilimbipu, akanibipu, nikabipiwa tena. Neno likikubali kutendwa, limekwisha kuwa letu.

Wanaobeba mzigo mzito wa kurudisha maneno kwa wenyewe ni watu wa mlima. Wapagazi, wapishi na waongozaji wa Kilimanjaro hukaa siku sita au saba na wageni kutoka kila bara, na lugha yao ya kazi ni mchanganyiko uliokomaa. Kusamiti ni kufika kileleni, mita 5,895. Usiku wa samiti ni usiku wa kuondoka kambini kuelekea kilele cha Uhuru. Mpishi hujitambulisha kwa wageni kama "stomach engineer", mhandisi wa tumbo, na wageni huangua kicheko kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza duniani. Wapagazi hujiita wagumu, na hilo halikuhitaji kuazimwa. Njia ya Marangu imepewa jina la Coca-Cola kwa kuwa ina vibanda ambako soda ziliuzwa, na ya Machame, iliyo kali zaidi, ikaitwa Whiskey. Tipu ni bahashishi ya mwisho wa safari. Ndiyo neno ambalo kila mmoja, kuanzia mbeba mahema hadi mwongozaji mkuu, hulitamka kwa lafudhi safi isiyo na kosa.

Ila kuna neno moja la heshima linalozua mkanganyiko huko juu. Mgeni anajikwaa kwenye jiwe. Mwongozaji anamwambia "Sorry!" Mgeni anamtazama kwa mshangao: kwani umenisukuma wewe? Mwongozaji alikuwa anasema pole. Kiingereza hakina neno la kumpa mtu pole lisilobeba kukiri kosa, au kama kinalo, ni refu na halitamkiki mtu akiwa anahema kwenye mita 4,000. Waongozaji wengi wazoefu wameamua kuacha tafsiri na kusema tu pole, na wageni wamelipokea. Hushuka mlimani wakiwa nalo pamoja na lile pacha lake, pole pole.

Kwa maana Kiingereza nacho hukopa kwetu, na hukopa kwa tabia ile ile. Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika, mwaka 1983 alipeleka kwenye maonyesho ya vichezeo London mchezo wa vipande vya mbao vinavyopangwa kama mnara. Aliuita Jenga. Wachezaji duniani kote hucheka unapobomoka.

Na safari. Kwa Mswahili, kwenda kumsalimia mama mkwe ni safari. Kwenda hospitali ya mkoa ni safari. Kiingereza kililichukua neno hili kikaliwekea simba, kofia pana na darubini. Sasa limerudi Moshi likiwa limevaa hivyo, na kwenye vibao vya ofisi za utalii mjini limeongezewa hata s ya wingi: Tours and Safaris. Stendi kuu, mpiga debe akiuliza "Safari ya wapi, dada?" hamwulizi mtu habari za Serengeti. Gari lake linakwenda Himo, Mwika, Rombo hadi Tarakea, na anataka kujua kama mizigo ile mitatu ni yako.